Mkono Uliotoa Damu

Danford alikuwepo. Neno hilo ndilo Gwantwa alilolitafuna moyoni siku zote za baadaye, mkono wake ulipogeuka rangi ya bilinganya na watu wa nyumbani wakawa wanaulizana umeshikwa na nani. Kaka yake alikuwepo, amesimama mlangoni mwa chumba cha kutolea damu, na maneno ya nesi yaliingia masikioni mwake kama yalivyoingia kwa Gwantwa mwenyewe.

Asubuhi ile Ferista, mke wa Danford, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mtoto alipotoka, damu ya mama ikakataa kusimama. Akaongezewa damu iliyokuwa imehifadhiwa pale hospitalini, kisha ndugu wakaambiwa watafute watu wa kutoa nyingine ili kurudishia, maana bado haijulikani mgonjwa ataamkaje. Ndugu wenyewe walikuwa wawili tu pale kwenye benchi, mume na wifi. Mama yake Ferista alikuwa bado njiani kutoka Isansa.

Danford ndiye aliyeingia kwanza. Nesi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini aliyeitwa Conjesta, alimpima uzito, akamuuliza habari za afya yake, kisha akamweleza kwamba damu yote hupimwa kabla ya kupewa mtu. Inapimwa homa ya ini, kaswende na Ukimwi. "Majibu ni siri yako," akamwambia. "Tutakuita wewe mwenyewe."

Gwantwa, akiwa kwenye benchi, alimwona kaka yake akishusha mkono wa shati aliokuwa ameshaukunja.

"Lakini nesi, mimi nimemaliza dozi ya malaria juzi tu."

"Ungeanza na hilo. Basi wewe subiri, ukishapona vizuri urudi."

Gwantwa alijua kaka yake hakuugua malaria. Mwenye malaria havuki mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kila jioni kubadilisha kwacha, wala harudi asubuhi ananukia sabuni isiyo ya nyumbani kwake. Alijua, akanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi aliyoizoea kuliko zote. Alikuwa darasa la tano kule milimani Ileje wakati mama yao, Roda, alipojifungua njiani akipelekwa zahanati na kuvuja damu mpaka akakauka. Gwantwa hakurudi tena shuleni. Alipika, alilima, alimtunza baba, na baba naye alipoondoka duniani, Danford akamchukua akamleta Mpemba, hapa Tunduma. Tangu hapo alikuwa anauza chai na maandazi kwa madereva wa malori yanayongoja kuvuka, na kila mtu aliyempa hela, yeye alimrudishia chenji bila kumtazama usoni.

Danford alitoka, akachuchumaa mbele yake.

"Mdogo wangu, wewe hujaolewa, damu yako haina shaka. Mkumbuke mama."

Hakuhitaji kuambiwa amkumbuke mama. Alikuwa anamkumbuka tangu alipoona shuka la Ferista.

Mizani ilimkubali kwa shida. Conjesta alimfunga mpira juu ya kiwiko cha kushoto, akapapasa mshipa, akachoma. Mshipa ukakimbia. "Pole mwanangu, una mishipa mijanja," nesi akasema, akachomoa, akabana kwa pamba, akatafuta tena pembeni kidogo, safari hii damu ikaja. Gwantwa aliitazama ikishuka kwenye mrija, nyekundu iliyokaribia weusi, akashangaa kwamba mtu mwembamba kama yeye ana kitu cha kumgawia mtu.

Walipomaliza, nesi alimbandika pamba na plasta, akamwambia abonyeze kwa vidole na anyooshe mkono, asiukunje. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayejua kwamba wengi husahau: "Mshipa ulitukimbia, kwa hiyo patavilia hapa. Usiogope. Leo na kesho usibebe kitu kizito kwa mkono huu, wala usivute wala usifue. Pakivimba, weka kitambaa cha maji ya baridi. Usipachue, usipakande. Maji ya moto si ya leo. Na vidole vikianza kufa ganzi, au uvimbe ukizidi kupanda, njoo. Kaka, umesikia? Huyu kizunguzungu kinaweza kumsahaulisha."

"Nimesikia, nesi," akasema Danford.

Gwantwa alikuwa anasikia kwa mbali. Masikio yalikuwa yanavuma. Alipewa soda, na kabla haijamfikia mdomoni Danford aliionja, eti aone kama ni ya baridi.

Kisha Danford akasema kitu cha ajabu. "Nesi, naomba na mimi pamba kidogo na plasta. Nina mkwaruzo."

Mkwaruzo wenyewe Gwantwa hakuuona. Aliona tu, walipotoka kwenye kibaraza, mama mmoja mrefu aliyejifunga kitenge cha vumbi la safari akija kwa haraka. Ni Mama Amoni, mama yake Ferista. Aliona pia mkono wa shati wa Danford umekunjwa juu ya kiwiko, na plasta nyeupe inang'aa katikati.

Mama Amoni alikiona kile cheupe kabla ya kuwaona watu. Akasimama.

"Baba, umetoa damu?"

Danford hakusema ndiyo, akainamisha kichwa kama watu wanavyofanya wanaposifiwa kanisani. "Mama, ningefanyaje? Ni mke wangu."

Mama Amoni akamshika mabega. Mwanamke yule alikuwa hajawahi kumpenda mkwe wake hata siku moja, na kila mtu alijua. Alimwita mtu wa mpakani. Siku ile alimwita mwanangu.

Gwantwa alikuwa pembeni amevaa sweta lake la mikono mirefu, maana ilikuwa Juni na upepo wa Tunduma ulikuwa unakata kama wembe. Pamba yake ilikuwa chini ya sufu. Alingoja kaka yake ageuke aseme, na huyu pia. Danford aligeuka, akasema, "Gwantwa, wahi nyumbani. Mama amechoka, na maji hamna."

Maji ya Mpemba kipindi hicho yalikuwa ya kuvuta kwa kamba katika kisima cha jirani. Gwantwa alishika kamba. Alijaribu kwa mkono wa kulia peke yake, ndoo ikagonga ukuta ikamwagika. Akatia na wa kushoto. Alisikia kitu chini ya ngozi, pale kwenye kiwiko, kikifunguka kama mshono unaoachia uzi. Hakuona damu. Pamba ilibaki nyeupe. Akasema moyoni, basi ni salama, akavuta ndoo nyingine.

* * *

Ferista aliruhusiwa baada ya siku chache, amepauka lakini yu hai. Mama Amoni akashika nyumba. Asubuhi na jioni sufuria kubwa ilitengwa motoni, kisha mlango wa chumbani unafungwa na mzazi anakandwa: kitambaa kinachovywa kwenye maji yanayofuka, kinakamuliwa, kinagandamizwa tumboni, kiunoni, miguuni. Ferista alilia, mama yake akamwambia, "Lia, damu chafu inatoka huko." Na kweli kila siku Ferista aliinuka mwepesi kuliko jana. Mtu aliyemwaga damu hutibiwa kwa maji ya moto. Katika nyumba ile hilo lilijulikana kama linavyojulikana jua linachomoza wapi.

Mkono wa Gwantwa ulianza kwa alama ndogo, kama palipotua kipepeo mweusi. Kisha ukavimba. Jioni moja, akichochea uji wa mzazi, alijaribu kukumbuka maneno ya nesi. Alikumbuka sauti yake na pete yake. Alikumbuka kuna maji yalitajwa, ya moto na ya baridi, moja lifanywe na moja liachwe. Lipi ni lipi, palikuwa na ukungu.

Danford alikuwa uani anapiga soga na mama mkwe, miguu mbele ya moto. Gwantwa alisogea, akainama sikioni pake.

"Kaka, nesi alisema nini? Maji ya moto au ya baridi?"

Danford alitazama upande wa Mama Amoni. Kisha akamtazama dada yake kwa macho ya mtu aliyeamshwa.

"Nesi gani?" akasema.

"Mnanong'ona nini nyie?" Mama Amoni akauliza.

"Anauliza habari za dawa ya wifi yake, mama."

"Dawa ninazo mimi. Wewe angalia uji usiungue."

Basi Gwantwa alifanya kama nyumba ilivyomfundisha. Ferista alipomaliza kukandwa, yale maji yaliyobaki kwenye sufuria aliyachukua akaenda nayo bafuni, akavua sweta, akachovya kitambaa, akaukanda mkono wake. Aliukanda kwa nguvu, kutoka kiwikoni kwenda chini, kama alivyomwona Mama Amoni akifanya, ili damu chafu itoke. Aliuma meno asisikike. Akarudia asubuhi. Akarudia jioni yake.

Damu haikutoka, ila ilitembea. Weusi ulishuka kutoka kiwikoni ukaenea kwenye kigasha chote mpaka karibu na kifundo cha mkono, na kingo zake zikawa za zambarau kama maganda ya bilinganya. Vidole viwili vya mwisho vikaanza kuwashawasha kama vimelaliwa.

Siku aliyogundulika alikuwa anafua nepi. Maji yalikuwa yanaingia kwenye mikono ya sweta, akasahau, akaipandisha. Mama Amoni alikuwa anapita na ungo. Ungo ukashuka.

"Hebu. Lete hapa."

Gwantwa alishusha sweta. Mama Amoni akalipandisha tena, taratibu, kama anayefunua chakula asichokiamini.

"Nani kakushika?"

"Hakuna, mama."

"Mkono wa mtu haujishiki wenyewe. Hapa kidole gumba, hapa vidole vyenyewe. Ni mwanaume huyu. Ni dereva?"

"Mama, hapana."

"Unauza chai mpaka giza linaingia, malori yamepangana mpaka sijui wapi, halafu unaniambia hapana. Danford! Njoo uone nyama ya dada yako."

Danford alikuja, mswaki mdomoni. Aliuona mkono. Gwantwa aliona kwamba ameuona, kwa sababu mswaki ulisimama. Ferista naye alisimama mlangoni kwa ndani, mtoto kifuani ndani ya kanga.

Gwantwa hakuwahi kusema mbele ya watu watatu kwa pamoja. Alitazama beseni, povu linapasuka moja moja. Akasema kwa sauti ambayo ilibidi Mama Amoni ainame kuisikia.

"Nilitoa damu. Ya wifi. Hospitalini."

Kisha Mama Amoni akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama anayemsikia mtoto akisema ameona simba jikoni.

"Damu alitoa mumewe. Nilimkuta na pamba yake. Wewe kama ulitoa, pamba yako ilikuwa wapi?"

"Chini ya sweta."

"Na aliyetoa kweli mbona mkono wake mzima? Baba, kunja shati." Danford hakukunja, na wala hakungojwa akunje. "Mtoa damu hawi hivi. Hivi huwa aliyevutwa akikataa, au aliyevutwa akikubali. Sema mwenyewe mbele ya kaka yako."

Gwantwa aliinua macho akamtazama Danford. Alikuwa amebakiza neno moja tu duniani, na alikuwa nalo kaka yake. Danford alitema povu la mswaki, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Alinisindikiza," akasema. "Alikuwa kwenye benchi." Kisha, kwa upole ambao uliuma kuliko kofi: "Gwantwa, kama kuna mtu, sema ukweli. Hakuna atakayekupiga."

Ferista aligeuka akaingia ndani.

Jioni hukumu ikasomwa wakati wa ugali, bila kelele. Binti kigori mwenye alama za wanaume hakai nyumba moja na mtoto mchanga, akasema Mama Amoni, mtoto atapata ubemendo, adhoofike. Arudishwe kwao Ileje, kwa shangazi, kabla mtoto hajatolewa nje na kupewa jina. "Na jina atoe baba yake. Mtu aliyetoa damu yake mwenyewe ndiye mwenye haki. Damu ni nzito kuliko maji."

Gwantwa alimega tonge, akalirudisha sahanini.

* * *

Kesho yake hakupeleka chai kwa madereva. Alikwenda hospitali. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na kama visingekufa, labda asingethubutu.

Conjesta alimkumbuka mara moja. Alimkalisha, akamshika mkono kwa ncha za vidole kama anayeshika kifaranga. Alimwambia abane ngumi, afungue, aguse kidole kwa kidole.

"Nani alikuambia maji ya moto?"

Gwantwa aliuinamia mkono wake.

"Nilisema baridi. Baridi hufunga mshipa, moto huufungua. Wewe umeufungulia mlango kisha ukaisukuma damu itembee. Na ulibeba maji?"

"Nilivuta kisimani."

"Siku ile ile?"

Gwantwa aliitikia kwa kichwa. Nesi alivuta pumzi, akaitoa.

"Haujaharibika. Huu weusi utakuwa kijani, kisha njano, kisha utaondoka. Ganzi nayo itaisha uvimbe ukishuka. Upumzishe, uuinue juu ya mto ukilala. Sasa hivi baridi haina kazi tena, ungeweza hata kuuwekea kitambaa cha uvuguvugu, lakini kuuchua, hapana. Na kaka yako, ile malaria imepona? Nilimwambia arudi."

Hapo ndipo Gwantwa alipolia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu yakadondoka juu ya weusi wa mkono, na maneno yakashuka nayo: pamba, kibaraza, madereva, shangazi wa Ileje. Alikuwa hajawahi kusema maneno mengi namna ile kwa mtu mmoja.

Conjesta alisikiliza mpaka mwisho.

"Habari za kaka yako siwezi kumwambia mtu, hizo ni zake," akasema. "Lakini zako ni zako. Ukiniruhusu, mimi nitamwambia huyo mama kwamba mkono huu niliuchoma mimi, kwa sindano yangu, na mshipa ulinikimbia. Mlete hapa, au nije mimi Jumamosi nikitoka zamu. Nije?"

"Njoo," akasema Gwantwa, na neno hilo lilimshangaza mwenyewe.

Alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyevua viatu vya kuazima. Alipita kwenye foleni ya malori, dereva mmoja akamwita, "Binti wa chai, leo umetunyima?" na yeye, kwa mara ya kwanza, akamjibu: "Leo kunywa maji."

Mama Amoni alikuwa ameenda sokoni. Sufuria ilikuwa motoni, na Ferista alikuwa chumbani peke yake.

"Wifi," akaita. "Njoo unikamulie kitambaa. Mama atachelewa."

"Siwezi kukamua, wifi. Nesi amenikataza."

"Nesi gani?" Ferista akauliza, na pale pale akaweka kiganja mdomoni, kwa sababu alisikia mwenyewe alichokisema, anauliza jambo analolijua. Akafunga mlango. "Kaa."

Gwantwa alikaa ukingoni mwa kitanda. Mtoto alikuwa amelala, ngumi mbili shavuni.

"Najua ulitoa wewe," Ferista akasema. "Usinitazame hivyo. Danford hawezi kuona kuku akichinjwa. Na ile plasta aliibandua siku niliyotoka hospitalini, chini hakuna hata alama ya mbu. Mimi nalala na ule mkono, wifi."

"Basi ungesema."

"Ningesema."

Huko nje, chini ya sufuria, ukuni ulisikika ukikatika, maji yakatulia kidogo.

"Mama alikuja kunichukua," Ferista akasema. "Hakuja kunitazama. Amekuja na mfuko wa kubebea nguo zangu, uko chini ya kitanda hapa, mtupu. Mwaka mzima anasema nirudi Isansa, mume gani halali nyumbani. Alipoikuta ile pamba, akaukunja mfuko. Ule mfuko umekunjwa kwa sababu ya damu yako, lakini mama anadhani ni ya Danford. Akijua si yake, atauliza kwa nini hakutoa. Na kwa nini hakutoa..."

Alimfunika mtoto miguu iliyokuwa imefunikwa tayari.

"Nilipimwa nikiwa mjamzito, mwanzoni," akasema. "Nilikuwa salama. Yeye niliambiwa nije naye, hakuja. Sasa sijui. Nikirudi Isansa, ninarudi na mtoto, na kutojua, na watu wanacheka. Nikikaa, angalau nina mume aliyetoa damu. Mama anawaambia majirani. Nimewahi kuwa na kitu cha kujivunia mimi?"

"Na mimi, wifi?"

Ferista alilia sasa, lakini macho yake hayakuondoka. "Wewe mkono utapona. Niachie hili moja, Gwantwa. Nakuomba kwa ile damu yako iliyomo humu ndani."

Gwantwa alitaka kumwambia alivyosikia nesi akieleza, kwamba damu ya mtoaji hupelekwa kuhifadhiwa na mgonjwa hupewa inayomfaa, na kwamba huenda damu yake ilimwendea mtu mwingine kabisa, mtu asiyemjua, na huenda mtu huyo anamshukuru. Hakusema. Alimtazama mtoto. Aliona nyusi, na nyusi zilikuwa za mama yake, Roda, zilezile, zimekaribiana kama watu wawili wanaopeana siri.

Alinyanyuka, akatoka, akaepua sufuria kwa mkono wa kulia.

"Nenda kapime, wifi," akasema aliporudi mlangoni. "Usimngoje."

Siku ya Ijumaa alimtuma mtoto wa jirani hospitalini na ujumbe kwamba nesi asije.

* * *

Hawakumfukuza. Walimsindikiza. Mama Amoni alimfungia maandazi, akamwombea kwa Kinyiha, akamwambia kwamba Mungu humsamehe msichana anayejirekebisha. Mtoto alikuwa ametolewa nje asubuhi ile, Gwantwa akiwa nyuma ya nyumba anafunga nguo zake. Alisikia jina kupitia ukutani. Danford alimpa mwanawe jina la Danfrida, watu wakapiga vigelegele.

Kituo kilikuwa pale njia panda ya Mpemba, inapochepuka barabara ya Isongole kupanda milimani. Upepo ulikuwa unavuta vumbi. Danford alibeba begi la dada yake njia nzima, na gari ilipokaribia, Gwantwa alinyoosha mkono kulipokea. Akanyoosha wa kushoto.

"Acha," Danford akasema, akalivuta begi. Abiria wengine walikuwa wanasikia, na labda ndiyo sababu alipaza sauti kidogo, sauti ya kaka mwema. "Nesi alisema usibebe kizito kwa mkono huo. Wala usiuchue. Ukivimba uweke maji ya baridi, usiweke ya moto."

Aliyajua yote. Aliyataja kwa mpangilio, kama alivyoyasema Conjesta.

Gwantwa alipandisha mkono wa sweta. Alikuwa hajaukunja mbele za watu tangu siku ya beseni. Weusi ulikuwa umekwenda, kijani kimekwenda, hata ile njano ilikuwa imebaki kivuli tu karibu na kiwiko, ambacho mtu asiyejua angesema ni rangi ya ngozi. Danford alipatazama, akatazama pembeni. Hapakuwa na kitu cha kuona tena, wala cha kumwonyesha mtu.

"Nesi gani?" Gwantwa akasema.

Akalichukua begi kwa mkono uleule, akaingia garini, akakaa upande wa dirisha usiotazama mji.